Vipele baada ya antibayotiki: mwongozo kamili, kuanzia saa ya kwanza hadi kadi yako ya mzio

Karibu kila wiki kuna mtu anaingia dukani kwetu hapa Moshi, anakunja mkono wa shati na kuuliza: "Dokta, hebu angalia, hivi vipele ni vya nini?" Nauliza alikuwa anatumia dawa gani. "Vile vya rangi mbili." Boksi liko wapi? Limetupwa. Alianza kumeza lini? "Juzijuzi tu." Na vipele je, vilianza lini? Hapo tunabaki tunatazamana.

Watu wanatuita dokta, lakini mimi ni mtoa dawa. Kwa miaka niliyosimama nyuma ya kaunta nimeona kwamba muwasho hauwashindi watu, maana muwasho hutulia. Kinachowashinda ni kuijua kwa jina dawa iliyowadhuru na kuhakikisha haiingii tena mwilini mwao. Kuna mama mmoja wa Kibosho aliyetoka vipele mara tatu, kila mara kwa dawa ya ukoo uleule yenye jina tofauti. Mara ya tatu midomo ilivimba na pumzi ikambana. Alipona, lakini siku ile nilitamani angekuwa na karatasi moja tu kwenye pochi yake.

Kama unasoma hapa ukiwa tayari umejaa vipele, ruka orodha ya vifaa, anza na hatua ya 1 sasa hivi.

## Vitu vya kuwa navyo karibu

- Dawa zote ulizotumia ndani ya wiki 8 zilizopita, pamoja na maboksi, pakiti na vile vibahasha tunavyohesabia vidonge. Zote, hata za maumivu, za malaria na za mitishamba.
- Daftari lako la hospitali au cheti cha dawa.
- Kalamu ya wino na karatasi.
- Simu yenye kamera na tochi.
- Kipimajoto.
- Namba ya dereva wa bajaji au teksi anayepokea simu usiku.
- Setirizini au Piriton (vidonge vya kutuliza muwasho wa mzio), losheni ya kalamaini, na mafuta ya mgando yasiyo na manukato.

Weka mbali kabisa mkorogo, sabuni za dawa na krimu yoyote uliyoazimwa na jirani. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya 5 na ya 8.

## Hatua ya 1: Pima hatari kabla ya kugusa kitu kingine

Hatua hii ichukue dakika mbili. Hapa hutafuti jina la ugonjwa, unatafuta kama kuna haja ya kukimbia.

Hatari ya dakika na saa. Angalia kama midomo, ulimi au kope zimevimba, sauti imekwaruza, pumzi inabana au inapiga mluzi, kichwa kinazunguka, mtu anatapika mfululizo au amezimia. Dalili za namna hii mara nyingi huja ndani ya saa moja baada ya kumeza au kuchomwa sindano. Ukiona hata moja, nenda hospitali bila kusubiri ya pili. Dawa ya kwanza ya hali hii ni adrenalini inayochomwa kwenye paja, na dukani hatuna cha kuifidia. Piriton huchelewa mno na haifungui koo lililovimba.

Njiani, mtu anayeona kizunguzungu alazwe chali, miguu iinuliwe. Anayeshindwa kupumua aachwe akae, lakini asisimame wala asitembezwe. Kwa sababu hiyo usimpakie kwenye bodaboda. Nimeona mtu ameletwa amebanwa katikati ya dereva na ndugu yake, kichwa kinaning'inia. Presha ikishuka ukiwa umekaa wima, damu haifiki vizuri kwenye moyo na ubongo. Tafuta gari au hata bajaji ambayo mtu anaweza kulala kiti cha nyuma. Akishatibiwa akapata nafuu, asikimbilie kurudi nyumbani. Hali hii inaweza kurudi mara ya pili baada ya saa kadhaa, ndiyo maana wahudumu humwangalia kwa muda.

Hatari ya siku na wiki. Hii ni ya kimyakimya zaidi, na ndiyo inayonitisha kuliko ile ya kwanza kwa sababu watu huivumilia nyumbani. Dalili zake ni homa pamoja na vipele, ngozi inayouma badala ya kuwasha, macho mekundu yanayochoma, vidonda mdomoni au sehemu za siri, malengelenge, au ngozi inayochubuka kama ya aliyeungua maji ya moto. Uso ukivimba na mitoki ikatokea, hasa wiki ya 2 hadi ya 8 tangu kuanza dawa, hiyo nayo ni ya hospitali. Huenda ini au figo zimeguswa.

Kwa Moshi, hospitali za Mawenzi na KCMC zote hupokea dharura. Kwa Arusha, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mount Meru. Kilicho karibu zaidi ndicho cha kwanza. Ukiwa Marangu au Machame usipite hospitali iliyo mlangoni eti unakwenda mjini.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa uhakika: anapumua vizuri, anameza vizuri, hana homa, macho na mdomo viko salama, ngozi inawasha lakini haiumi. Hapo ndipo unaendelea na hatua ya 2 ukiwa nyumbani.

## Hatua ya 2: Simamisha dawa, lakini usiache ugonjwa

Acha kumeza antibayotiki unayoishuku. Tumefundishwa "maliza dozi," na ni kweli, ila somo hilo linamhusu mtu ambaye dawa haimdhuru. Kwa mwenye mzio, kila kidonge kinachofuata kinaongeza kuni kwenye moto.

Nasikia sana kauli hii: "Ni dawa inatoa ugonjwa nje, acha itoke." Imani hiyo inatokana na surua, ambako wazee walifurahi vipele vikitokeza. Kwenye dawa haiko hivyo. Vipele ni kinga ya mwili inaishambulia dawa, na ngozi ndiyo inayoumia katika ugomvi huo. Maziwa nayo hayaiondoi dawa iliyokwisha kuingia kwenye damu. Kunywa ukipenda, lakini usiyahesabu kuwa matibabu.

Ukisimamisha dawa, ugonjwa uliokupeleka hospitali bado upo. Mtoto mwenye nimonia hawezi kukaa siku mbili bila dawa kwa kuwa ametoka vipele. Rudi kwa aliyekuandikia siku hiyohiyo akubadilishie. Usibadilishe mwenyewe, maana dawa utakayoichagua inaweza kuwa ndugu wa ileile. Ndivyo ilivyomtokea yule mama wa Kibosho.

Makundi haya yasiache dawa bila kuongea na kliniki yao:

- Walio kwenye dawa za kifua kikuu.
- Walio kwenye dawa za kufubaza VVU, pamoja na wanaopewa Septrin kwa kinga. Vipele vya Septrin huwapata zaidi wenye VVU, na CTC, yaani kliniki ya VVU, wanajua namna ya kuvishughulikia. Nenda siku hiyohiyo.
- Wenye kifafa. Baadhi ya dawa za kifafa nazo huleta vipele vikali, na kuziacha ghafla huleta degedege.

Lakini yeyote kati yao akiona dalili za hatua ya 1, hasa malengelenge, vidonda mdomoni au kubanwa pumzi, asimeze dozi nyingine. Aende hospitali akiwa na dawa zake mkononi.

## Hatua ya 3: Soma ngozi yako, na uisome kama ngozi nyeusi

Tovuti na vitabu vingi vinakuambia utafute "wekundu." Kwenye ngozi ya watu wengi wa hapa kwetu huo wekundu hauonekani. Unaonekana weusi uliokolea zaidi, zambarau, au kahawia inayong'aa, na wakati mwingine rangi haibadiliki kabisa. Watu wamerudishwa nyumbani wakiwa wamejaa mwili mzima kwa sababu aliyeangalia alikuwa anatafuta rangi iliyoandikwa kwa ajili ya ngozi nyingine.

Fanya hivi. Simama karibu na dirisha mchana. Usiku, mulika tochi ya simu kutoka pembeni, mwanga uteleze juu ya ngozi. Vipele vilivyoinuka vitatupa kivuli. Kisha funga macho upapase kifua, mgongo na mapaja kwa mgongo wa kiganja. Mkono husema kile ambacho jicho limekosa. Malizia na sehemu ambazo wekundu huonekana hata kwa mweusi: viganja, nyayo, ndani ya midomo na ndani ya kope.

Sasa linganisha na maelezo haya manne.

Uvimbe unaohamahama. Mabaka yaliyovimba, yanawasha sana, mengine madogo kama punje ya mahindi, mengine mapana kama kiganja. Yanaonekana mkononi asubuhi, jioni yako tumboni. Jaribio lake ni rahisi: chora duara kwa kalamu kuzunguka baka moja, andika saa. Ukiangalia baada ya saa 24 na baka limetoweka bila kuacha alama huku mengine yamezuka kwingine, ni aina hii. Ikianza ndani ya saa moja baada ya dozi, ichukulie kwa uzito mkubwa sana, maana dozi ijayo inaweza kuleta ile hatari ya koo.

Vipele vidogo vilivyotapakaa. Hii ndiyo ya kawaida zaidi. Huanza kifuani na mgongoni, kisha mikononi na miguuni, pande zote mbili sawasawa, na kupapasa ni kama kugusa msasa laini. Huja siku ya 4 hadi ya 14 tangu uanze dawa. Kama uliwahi kuwa na mzio nayo, huwahi zaidi. Watu wengi hukosea hapa. Wanasema "siyo dawa, maana nimeimeza wiki nzima bila shida," au hata "dozi nilishamaliza juzi." Inaweza kuwa ndiyo hiyo dawa.

Doa moja au machache yanayorudi palepale. Duara jeusi au la zambarau, mara nyingi midomoni, mikononi au sehemu za siri. Linachoma au linawasha, linaweza kutoa lengelenge, kisha linabaki jeusi kwa miezi. Ukimeza dawa ileile tena, linawaka palepale kama taa. Septrin ni maarufu kwa hili. Naomba hapa wanandoa wanisikilize vizuri. Fundi mmoja wa magari kule Pasua alipata doa sehemu za siri mara mbili ndani ya mwaka, na nyumbani kwake maneno yakawa mengi. Mkewe aliamini ameleta ugonjwa wa zinaa, yeye akaamini amerogwa. Kumbe kila alipoumwa tumbo alikuwa ananunua Septrin. Vipimo vya magonjwa ya zinaa ni vizuri kufanya, lakini muulize pia mtu: wiki hiyo ulimeza nini?

Ngozi inayouma na kutoa malengelenge. Rudi hatua ya 1, usisome zaidi.

Mara nyingine si dawa. Mtoto mwenye homa ya virusi anaweza kutoka vipele ambavyo vingetoka hata bila amoksisilini. Surua nayo huja na mafua, macho mekundu na homa kali. Upele wa kuambukiza huwasha usiku na hukaa katikati ya vidole, na nyumba nzima hujikuna. Huna haja ya kukata kesi hii mwenyewe. Unakusanya ushahidi ili mtaalamu aikate.

Piga picha. Moja ya mbali ionyeshe mwili ulivyoenea, moja ya karibu pembeni ya sarafu ili ukubwa ujulikane. Tumia mwanga wa jua, usitumie flashi wala programu za kung'arisha sura. Uvimbe unaohamahama mara nyingi huwa umepotea ukifika kwa daktari, na picha hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Umefaulu ukiwa na picha angalau mbili zinazoonekana vizuri na duara moja la kalamu lenye saa yake.

## Hatua ya 4: Andika kalenda ya dawa

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili.

Chukua karatasi, chora mistari ya siku, kuanzia leo kurudi nyuma wiki 8. Kwenye kila dawa andika jina kama lilivyo kwenye boksi, siku uliyoanza, siku uliyoacha, na saa ya dozi ya mwisho. Kisha andika siku na saa kipele cha kwanza kilipoonekana, na mahali kilipoanzia.

Mfano wa kalenda nzuri ni huu:

*Jumatatu tarehe 3 asubuhi: kuanza Amoxicillin 500 mg, mara tatu kwa siku, kwa ajili ya jino. Jumatatu jioni: diklofenaki, vidonge viwili. Jumatano tarehe 12 saa 2 usiku: vipele vidogo kifuani. Alhamisi tarehe 13: mikononi na mgongoni. Sina homa.*

Diklofenaki imeandikwa kwa sababu dawa za maumivu nazo huleta mzio. Ukiificha, amoksisilini itabeba lawama isiyo yake, na utanyimwa dawa nzuri na ya bei nafuu maisha yako yote.

Huna boksi? Rudi dukani au zahanati uliyopewa, omba waangalie rejista au cheti chako. Usione aibu, ni haki yako. Kuanzia leo ukipewa vidonge kwenye kibahasha, usitoke kaunta kabla jina la dawa halijaandikwa juu yake. Sisi watoa dawa tunapaswa kuandika. Foleni ikiwa ndefu tunaandika tu "1 x 3," na huo ni uzembe wetu, tukumbushe.

Soma jina lililo kwa maandishi madogo, siyo lile kubwa la kampuni. Ukoo wa dawa hujulikana kwa herufi za jina lake:

- Majina yanayoishia na -cillin ni ya ukoo wa penisilini: amoxicillin, ampicillin, cloxacillin, benzylpenicillin. Ampiclox ni ampicillin na cloxacillin pamoja. Augmentin ina amoxicillin ndani yake. Ndiyo maana mtu "aliyebadilishiwa" kutoka amoksisilini kwenda Ampiclox hajabadilishiwa kitu.
- Yanayoanza na cef- au ceph- ni binamu wa penisilini. Wengi wenye mzio wa penisilini huzivumilia, lakini uamuzi huo ni wa daktari anayejua mzio wako ulikuwa wa aina gani.
- Yanayoanza na sulfa- ni ukoo wa Septrin, ambayo kwa jina la kitaalamu ina sulfamethoxazole. Zile SP wanazopewa wajawazito kliniki kuzuia malaria zina sulfadoxine. Dada yangu, kama Septrin ilikuletea vipele, mwambie nesi kabla hujameza SP. Vidonge vya kuongeza damu vyenye neno sulfate ni kitu kingine kabisa; usiviogope.

Umefaulu ukiweza kumpa mtu asiyekujua karatasi hiyo na akaelewa bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 5: Tuliza muwasho bila kuharibu ngozi

Mtu mzima anaweza kumeza setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku. Piriton ya miligramu 4 nayo husaidia, ila inaleta usingizi. Dereva wa bodaboda, daladala au mashine ya kusaga asiimeze akiwa kazini. Kwa mtoto, mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa figo, uliza kipimo chao, usigawanye kidonge cha mtu mzima kwa kukisia.

Oga maji ya uvuguvugu kwa sabuni isiyo na manukato, jikaushe kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Paka kalamaini kwenye panapowasha na mafuta ya mgando kwenye pakavu. Kata kucha, hasa za mtoto. Vaa nguo za pamba zilizolegea.

Maji ya moto yenye mwarobaini watu wa hapa tunayapenda. Kwenye ngozi nzima yanaweza yasidhuru, lakini kwenye ngozi iliyochubuka ni kuongeza kidonda, na joto lenyewe huzidisha muwasho. Acha kwanza.

Usipake krimu zenye steroidi ulizoazimwa, hasa zile za mchanganyiko zinazouzwa kama "za ngozi zote." Nyingine zina antibayotiki ndani yake, pengine ya kukuongezea mzio. Vidonge vya predinisoloni navyo ni vya daktari. Vinaweza kuficha dalili kwa siku mbili, halafu hali ikarudi imekomaa.

Tegemea hivi: uvimbe unaohamahama hupungua ndani ya siku chache. Vipele vilivyotapakaa vinaweza kuongezeka kidogo siku ya kwanza na ya pili hata baada ya kuacha dawa. Usipaniki, ilimradi dalili za hatua ya 1 hazijatokea. Huisha ndani ya wiki 1 hadi 2, na ngozi huambua maganda membamba. Piga picha nyingine kila siku, saa ileile, mahali palepale.

## Hatua ya 6: Kumwona mtaalamu

Hata kama umepata nafuu, nenda. Anzia zahanati au kituo cha afya. Ikihitajika rufaa, mkoa wetu umebarikiwa: KCMC ina kliniki ya ngozi, na hapohapo kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika tangu 1992. Watu husafiri mbali kufika mahali ambapo sisi tunafika kwa daladala.

Usiseme tu "nina aleji." Weka mezani kalenda, picha na maboksi, kisha uliza maswali haya matatu:

1. Je, huu ni mzio wa kweli, ni maudhi ya kawaida ya dawa, au ni ugonjwa wenyewe?
2. Dawa ipi hasa, na ndugu zake gani niziepuke?
3. Nikiumwa tena, dawa zipi ni salama kwangu?

La kwanza lina uzito. Kuharisha, kichefuchefu na fangasi za mdomoni ni maudhi, siyo mzio. Katika nchi ambazo wagonjwa hupimwa kwa utaratibu, takriban watu 9 kati ya 10 walioandikiwa kuwa na mzio wa penisilini hukutwa wanaweza kuitumia bila madhara. Wengine hawakuwa nao tangu mwanzo, wengine uliisha kadiri miaka ilivyopita. Ila kupima huko hufanywa hospitalini, penye adrenalini mkononi. Kamwe usijipime nyumbani kwa kumeza nusu kidonge "uone." Na kama ulitoa malengelenge au kuchubuka, dawa hiyo usiiguse tena maishani, wala mtu asikushawishi.

Mwombe mhudumu atoe taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Taarifa zikikusanyika ndipo dawa yenye kasoro inapojulikana.

## Hatua ya 7: Tengeneza kadi

Chukua kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, uandike kwa herufi kubwa:

*JINA na MWAKA WA KUZALIWA*
*MZIO WA DAWA: Amoxicillin. Epuka -cillin zote.*
*LINI: mwezi na mwaka*
*KILICHOTOKEA: uvimbe mwili mzima na midomo, dakika 40 baada ya kidonge cha pili*
*NILITIBIWA: wapi, kwa dawa gani*
*ALIYETHIBITISHA: jina na kituo*
*NDUGU WA KUPIGIWA: namba*

Mstari wa "kilichotokea" ndio wenye thamani kubwa kuliko yote. Daktari akisoma "mzio wa penisilini" peke yake hajui kama ilikuwa muwasho mdogo au kifo kilichokosa shabaha, kwa hiyo atakunyima dawa nyingi kwa hofu. Akisoma dakika 40 na midomo, anajua la kufanya.

Ipeleke kwa fundi wa vitambulisho akuwekee nailoni. Nakala ya kwanza ikae nyuma ya kadi ya bima, ya pili igundishwe kwenye jalada la ndani la daftari la hospitali, ya tatu iwe picha kwenye simu yako na ya mwenzi wako. Mjamzito aiandike kwenye kadi ya kliniki.

Mkoa wa Kilimanjaro umejaa shule za bweni, na hapa ndipo wazazi wengi wanaposahau. Fomu ya kujiunga ina sehemu ya afya; usiandike "hana tatizo" kwa haraka. Mpe matroni nakala ya kadi mkononi, na mfundishe mtoto mwenyewe kulitamka jina la dawa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kabisa kusema, "Shikamoo matroni, mimi situmii Septrin." Mfanyishe mazoezi hayo nyumbani kabla ya kufungua shule.

Umefaulu pale ambapo mtu mwingine ndani ya nyumba, ukimuamsha usiku, anaweza kutaja dawa yako na mahali kadi ilipo.

## Hatua ya 8: Mabaka meusi yanayobaki

Vipele vikipona, ngozi nyeusi huacha madoa yaliyokolea. Siyo ugonjwa uliobaki ndani, wala siyo dalili kwamba "sumu haijatoka." Hufifia yenyewe kwa wiki au miezi. Jua huyakoleza, kwa hiyo funika ngozi unapokwenda shambani au sokoni Mbuyuni, na endelea na mafuta yako ya kawaida.

Wasichana wengi huja kuniuliza cha kuyafuta haraka kwa sababu ya harusi au kipaimara. Najua inavyouma kusimama mbele za watu na uso wenye madoa. Lakini mkorogo juu ya ngozi iliyotoka kwenye mzio huichoma upya, na doa la miezi mitatu linageuka kuwa la miaka. Madoa yakiwa bado yamekolea baada ya miezi sita, au doa lolote likianza kuwasha tena bila wewe kumeza dawa mpya, nenda kliniki ya ngozi na ile kalenda yako.